Bunia: Kwa anayeanza kuosha magari, ndoo ya pili inatangulia mashine

BUNIA, Ituri – Gari linaloingia Bunia kutoka Komanda, Kasenyi au Mahagi linafika na rangi moja tu, ile ya barabara. Wakati wa kiangazi ni vumbi jekundu, wakati wa mvua ni matope. Kwa hiyo kazi ya kuosha magari na pikipiki haikosi wateja katika mji huu, na vijana wengi wanaotafuta pa kuanzia wanaiona kuwa nyepesi: bidoni moja ya maji, sabuni ya unga, kipande cha nguo ya zamani, na kazi imeanza.

Shida inaonekana baadaye. Mteja anarudi siku ya pili, gari limesimama juani, na kwenye mlango kuna mistari midogo ya mviringo ambayo jana hakuiona. Anataka alipwe. Kupaka rangi upya mlango mmoja kunaweza kumeza mapato ya siku nyingi za kuosha. Kijana aliyeanza bila deni anajikuta ana deni la mlango wa mtu, na habari yake inatembea kwenye parking yote kabla ya jioni.

Mara nyingi kosa halitokani na uvivu wala na upungufu wa sabuni. Linatokana na mchanga uliobaki kati ya kitambala na rangi. Na kifaa kinachozuia kosa hilo si mashine ya pesa nyingi. Ni ndoo ya pili.

Kazi isiyoomba diploma

Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri, uko upande wa wilaya ya Irumu, karibu na Djugu. Miaka ya mashambulizi vijijini imesukuma familia nyingi kuingia mjini. Wengine wanaishi kwa ndugu zao, wengine katika kambi za wakimbizi wa ndani kama ile ya Kigonze. Utawala wa kijeshi ulianza Ituri na Kivu Kaskazini tarehe 6 Mei 2021, lakini watu wengi bado hawajaweza kurudi kwenye mashamba na mifugo yao.

Mtu aliyezoea jembe akifika mjini anatafuta kazi inayoanza na mikono. Kuosha magari ni moja ya kazi hizo. Haiombi diploma, haiombi duka, na wateja wanapita barabarani kila siku: Probox za teksi, Fuso za mizigo, Land Cruiser za mashirika, na hasa pikipiki za TVS na Bajaj Boxer ambazo ndizo usafiri wa watu wengi mjini.

Lakini kazi isiyoomba diploma haimaanishi kazi isiyo na ujuzi. Mteja anamwachia muoshaji kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote alivyo navyo. Kwa motari wengi, pikipiki hata si yao. Wanailipia kwa mwenyewe kila siku, na ikiharibika ni wao wanaoulizwa. Kwa hiyo anayeanza anahitaji kujua vitu viwili kabla ya kutumia pesa yake ya kwanza: ni nini kinaharibu gari wakati wa kuosha, na ni vifaa gani vya lazima.

Adui ni mchanga

Rangi ya gari si tabaka moja. Juu ya chuma kuna rangi ya chini ya kuzuia kutu, halafu rangi yenyewe, halafu verni inayong'aa. Rangi ya kiwandani, tabaka zote pamoja, kwa kawaida ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, au zaidi kidogo. Verni peke yake mara nyingi ni nyembamba kuliko unywele wa mtu.

Udongo wa barabara, kwa upande wake, una chembe za kwatsi, jiwe gumu linalokwaruza hata kioo. Chembe hizo hazionekani vizuri kwa macho, lakini mtu akipitisha kitambala kikavu juu ya gari lenye vumbi, anazisukuma juu ya verni kama anayesugua sufuria kwa mchanga. Kila mzunguko wa mkono unaacha mistari. Katika kivuli haionekani. Juani inaonekana yote.

Kitambala chenye maji nacho hakiponi ikiwa kinarudi katika ndoo ileile. Baada ya mlango wa kwanza, mchanga umeshuka ndani ya maji ya sabuni. Baada ya mlango wa pili, kitambala kinaupandisha tena. Muoshaji anadhani anasafisha, kumbe anarudisha mchanga wa mlango wa kwanza kwenye mlango wa tatu.

Ndoo ya pili inakata mzunguko huo. Ya kwanza ina maji ya sabuni. Ya pili ina maji matupu ya kusuuzia kitambala. Kila baada ya kuosha sehemu moja, kitambala kinaingia kwanza katika maji matupu, kinasuguliwa kwa mikono, kinakamuliwa, ndipo kinarudi kwenye sabuni. Mwisho wa kazi, mchanga ulio chini ya ndoo ya pili ndio ushahidi. Ungekuwa kwenye verni ya mteja.

Vifaa vya kuanza navyo

Anayeanza na pesa kidogo anaweza kupanga manunuzi yake hivi, kwa kufuata umuhimu:

1. Ndoo mbili za lita 15 hadi 20, za rangi tofauti ili zisichanganywe. Ndoo ya tatu, hata ya zamani, ni ya magurudumu peke yake, kwa sababu magurudumu hubeba mchanga mwingi pamoja na unga wa chuma kutoka kwenye breki.

2. Glavu laini ya kuoshea gari. Ikikosekana, taulo nzito ya pamba iliyo safi inafaa, baada ya kukata mishono migumu ya pembeni. Eponji ya kawaida ya jikoni haifai: uso wake ni bapa, mchanga unakaa juu na kukwaruza. Upande wake wa kijani, ule wa kusugulia sufuria, usiguse gari kabisa.

3. Vitambala vya mikrofiba, angalau sita. Viwili vya kukaushia, viwili vya vioo, viwili vya ndani. Kila kazi iwe na rangi yake. Mikrofiba nzuri ikipitishwa juu ya kiganja kikavu inashikashika ngozi kidogo. Inayoteleza kama nailoni haitakunywa maji.

4. Shampuu ya gari, chupa moja. Inachanganywa na maji mengi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kwa hiyo hudumu kuliko anavyofikiri anayeona bei yake mara ya kwanza.

5. Brashi mbili. Moja laini ya ringi, moja ngumu ya matairi na mazulia ya mpira. Brashi ngumu haipandi juu ya bodi.

6. Pompa ya kubeba mgongoni, ile ya lita 16 ambayo wakulima wanatumia kunyunyizia dawa. Kwa asiye na bomba wala umeme, ndiyo njia rahisi ya kupata maji yenye nguvu kidogo ya kuangusha vumbi. Sharti ni moja: iwe mpya, na isiwe imewahi kubeba dawa ya shamba. Mabaki ya dawa hayaoneshwi na macho, na yatafika kwenye mikono ya muoshaji na viti vya mteja.

7. Pipa la kutulizia maji, buti za mpira na glavu za mikono.

8. Daftari na kalamu.

Mashine haimo kwenye orodha hiyo. Zamu yake itakuja.

Sabuni ya nguo ibaki kwa nguo

Sabuni ya unga imetengenezwa kuondoa jasho na mafuta kwenye nguo. Ina ukali wa magadi, na kwenye gari inaondoa nta inayolinda verni. Punje ambazo hazijayeyuka zinakwaruza, na povu likikauka juani linaacha madoa meupe. Gari linaloshwa hivyo kila wiki linapoteza mng'ao wake taratibu, na mwenye gari anaanza kusema jua la Bunia ni kali. Jua lina sehemu yake, lakini sabuni nayo ina yake.

Shampuu ya gari haina ukali huo. Siku ambayo haipatikani, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo tu katika ndoo nzima, ni afadhali kuliko ya unga. Nayo inaondoa nta, kwa hiyo isigeuke kuwa desturi.

Kuna pia klori. Watu wa Ituri wanaifahamu vizuri tangu mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, wakati maji yenye asilimia 0.5 ya klori yalitumika kuua virusi kwenye sakafu, vitanda na magari ya wagonjwa. Hiyo ilikuwa kazi ya kuokoa maisha. Haikuwa kazi ya kupendezesha gari. Klori inakula chuma na kufifisha rangi ya viti. Na isichanganywe kamwe na siki wala dawa kali ya kusafishia choo: inatoa moshi wa sumu unaoweza kumwangusha mtu palepale.

La mwisho ni mazutu. Wapo wanaoipaka kwenye matairi ili yawe meusi, au kwenye injini ili ing'ae. Weusi huo unakaa muda mfupi. Mafuta hayo yanalainisha na kuvimbisha mpira, yanavuta vumbi jipya, na kwenye injini yenye joto yanaweza kuwaka. Tairi likisuguliwa kwa sabuni na brashi ngumu linatosha.

Hatua kwa hatua

Kazi nzuri inaanza kabla ya maji. Gari liwekwe kivulini, na boneti ipoe. Muoshaji anazunguka gari pamoja na mwenyewe, wanaangalia mikwaruzo ya zamani, kioo chenye ufa, taa iliyovunjika. Anamwomba atoe simu, pesa na karatasi za gari. Dakika mbili hizo zinazuia ugomvi wa saa mbili.

Halafu yanakuja maji matupu, bila kugusa. Pompa inapita kutoka juu kwenda chini: paa, vioo, boneti, milango, na mwisho sehemu za chini. Matope mazito yalowekwe dakika chache, halafu yamwagiwe tena. Lengo ni mchanga mwingi uanguke wenyewe, kabla mkono haujafika.

Magurudumu yanafuata, kwa ndoo yake na brashi zake. Yakioshwa mwisho, maji yake machafu yanarukia bodi iliyokwisha kuwa safi.

Sasa glavu na ndoo mbili zinaingia kazini. Kuosha kunaanza juu kwa sababu chini ndiko kuna mchanga mwingi. Mkono unakwenda kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza. Sehemu moja ikiisha, glavu inasuuzwa. Upande mmoja ukiisha, unamwagiwa maji kabla sabuni haijakauka. Kitambala kikianguka chini kinakwenda pembeni hadi kifuliwe. Hakuna kukikung'uta na kuendelea, kwa sababu mchanga mmoja unatosha.

Kukausha ni sehemu ya kuosha. Maji yakiachwa kwenye jua yanaacha madoa ya chumvi na udongo. Mikrofiba inalazwa juu ya bodi, inavutwa taratibu, inakamuliwa. Vioo vinamalizwa kwa kitambala chake na maji yenye siki kidogo.

Ndani ya gari, kanuni ni maji machache. Mazulia yanatolewa na kupigwa nje. Viti vinapigwa brashi kavu kwanza, vumbi linafagiwa kutoka juu kwenda chini, halafu kitambala chenye unyevu kinapita. Redio, vitufe vya madirisha na mahali pa ufunguo havimwagiwi maji. Kiti kilicholowana na kufungiwa ndani ya gari kitanuka baada ya siku mbili, na mteja hatasahau nani alikiosha.

Pikipiki ina masharti yake

Katika Bunia, wateja wengi watakuwa wamotari, na wao wana haraka. Kila dakika bila abiria ni pesa inayopotea. Lakini kuna mambo manne yasiyorukwa.

La kwanza, injini na bomba la moshi vipoe. Maji baridi kwenye chuma chenye moto mkali yanaweza kukiharibu, na mvuke unaunguza mikono.

La pili, mdomo wa bomba la moshi na mahali pa ufunguo vizibwe kwa kitambala. Kitambala hicho kitolewe mwisho wa kazi, kabla ya kuwasha.

La tatu ni mnyororo. Maji na sabuni vinaondoa mafuta yake, na kutu inaanza haraka. Baada ya kuosha, mnyororo ukaushwe na utiwe mafuta kidogo. Muoshaji anayeweka chupa ndogo ya mafuta ya mnyororo pembeni anafanya kazi ya dakika moja ambayo motari ataikumbuka. Mafuta hayo yasiguse breki.

La nne ni breki zenyewe. Zikiingia maji hazishiki vizuri. Kabla ya kumrudisha mteja barabarani, aambiwe aende polepole na kukanyaga breki kidogokidogo mara kadhaa hadi zikauke. Kwenye mteremko, neno hilo moja linaweza kuzuia ajali.

Hesabu ya maji

Maji ndiyo gharama inayorudi kila siku. Kwa njia ya ndoo mbili, gari dogo lenye vumbi la kawaida linaweza kuoshwa kwa bidoni tatu: pompa moja ya lita 16 ya kuangusha vumbi, lita 10 katika kila ndoo, na bidoni moja ya kumalizia. Jumla ni karibu lita 56. Pikipiki inaweza kutosheka na bidoni moja au moja na nusu. Land Cruiser iliyotoka kwenye matope itaomba zaidi, na bei yake iseme hivyo tangu mwanzo.

Magari kumi kwa siku ni karibu bidoni thelathini, yaani lita 600, kilo 600 ambazo mtu fulani atazibeba au kulipiwa kuzibeba. Anayeweza kukinga maji ya mvua kutoka kwenye paa la mabati anapunguza mzigo huo katika miezi mingi ya mwaka, kwa sababu Ituri ina mvua nyingi. Pipa la lita 200 linajazwa na bidoni kumi tu.

Maji ya mto au ya kisima cha wazi yasitumike palepale. Yana udongo uleule ambao muoshaji anataka kuuondoa. Yaachwe usiku mzima kwenye pipa, udongo ushuke, asubuhi yachotwe ya juu na kuchujwa kwa kitambala. Yale ya chini yanafaa kwa matairi na mazulia.

Si ndani ya mto

Njia rahisi kuliko zote ni kuingiza gari au pikipiki mtoni na kuosha humo humo. Maji ni ya bure na hayaishi. Lakini gharama ipo, ila inalipwa na watu wengine, na siku moja na muoshaji mwenyewe.

Nyamukau unapita katikati ya mji. Maji ya mito ya Irumu hayabaki Irumu. Mto Ituri wenyewe, mbele kidogo, unaitwa Aruwimi, na unaingia katika mto Congo. Kati ya hapo na pale kuna mama anayechota, mtoto anayeoga, mtu anayefua nguo. Mafuta ya injini na mazutu hayayeyuki majini. Yanaelea, yanafika kwao.

Sheria nazo zipo. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu misingi ya kulinda mazingira inaweka kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu maji inataka vyanzo vya maji vilindwe. Anayeanza kazi yake mtoni anaijenga mahali ambapo anaweza kufukuzwa siku yoyote.

Kuna pia afya. Kichocho, ugonjwa ambao wengi wanauita bilarzia, upo Ituri. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini na kuingia mwilini kupitia ngozi, bila kidonda. Anayesimama mtoni bila buti kutwa nzima, kila siku, anajiweka mbele yake. Dawa yake, prazikwanteli, ipo, lakini mwili unaweza kuambukizwa tena kila unaporudi kwenye maji hayo.

Mahali pazuri ni uwanja wenye mteremko mdogo, uliotandazwa changarawe, mbali na mto. Maji machafu yaelekezwe kwenye shimo lililojazwa mawe na mchanga. Shimo hilo liwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima au chemchemi. Mafuta ya injini yaliyomwagika yakusanywe na mchanga mkavu au maranda ya mbao kabla ya kumwaga maji, yasiachwe kuingia ardhini. Majirani wakiona hivyo, malalamiko yanapungua.

Mashine inakuja lini

Mashine ya maji ya nguvu inavutia wateja, na sauti yake peke yake ni tangazo. Lakini inataka maji, umeme au jenereta, esansi, na fundi siku ikikwama. Mashine ndogo hutoa karibu lita 7 kwa dakika. Ikifunguliwa dakika 15 bila kufungwa, inakula lita 105, zaidi ya bidoni tano, karibu mara mbili ya njia ya ndoo. Anayefunga maji kila anapohama upande anaweza kupunguza hadi nusu au chini ya hapo. Kwa hiyo nidhamu ya maji inajifunzwa kwenye ndoo kwanza.

Zaidi ya hapo, mashine haiondoi haja ya ndoo mbili. Inaangusha vumbi vizuri kuliko pompa, lakini ile tabaka nyembamba inayobaki inahitaji mkono, na mkono unahitaji kitambala safi. Ikishikwa karibu sana inabandua rangi iliyopasuka, inapasua mpira wa madirisha, na kwenye pikipiki inasukuma maji mahali magurudumu yanapozungukia na kuondoa grisi. Sentimita 30 kutoka kwenye bodi ni umbali wa chini wa kuanzia, na zaidi kwenye gari la zamani lililopakwa rangi upya.

Anayenunua mashine kwa deni kabla ya kuwa na wateja analipa deni hata siku za mvua, siku za barabara kufungwa, na siku risasi zimesikika na magari hayatoki. Ndoo hazidai kitu siku hizo.

Daftari na neno la muoshaji

Daftari linaandikwa kila jioni: magari mangapi, pikipiki ngapi, maji yamegharimu nini, shampuu imebaki kiasi gani, kodi gani imelipwa na kwa nani. Kila malipo ya kodi yaombewe risiti, na risiti ibaki ndani ya daftari. Kinachobaki kigawanywe mara tatu: chakula cha nyumbani, vifaa vya kesho, na akiba. Likelemba ya wenzake watano au kumi wa parking, au AVEC ya mtaa, inaweza kumfikisha kwenye mashine bila mkopo wenye riba kubwa.

Vitambala vifuliwe jioni hiyohiyo, peke yake, bila kuchanganywa na nguo za nyumbani, halafu vianikwe mahali pasipo na vumbi. Kitambala kilichoachwa na mchanga usiku kitakwaruza gari la kwanza la asubuhi.

Na siku kosa likitokea, kwa sababu litatokea, muoshaji anamwambia mwenye gari kabla hajaliona mwenyewe. Katika mji ambao watu wengi wamepoteza vingi na kuaminiana kumepungua, mtu anayesema "papa, hapa nimekwaruza" anapoteza malipo ya siku moja, lakini mteja anaweza kubaki.

Kabla ya kuondoka, mteja anaweza kuoneshwa ile ndoo ya pili, na mchanga mwekundu uliotulia chini yake. Hauhitaji maelezo marefu.